Uwanja wa Vita Usio na Geti: Vidokezo 11 vya Kwenda Kigoma Kutazama Vita vya Ziwani

Songea wana Makumbusho ya Majimaji, na kila tarehe 27 Februari wanawakumbuka mashujaa wao walionyongwa mwaka 1906. Iringa wana Kalenga na fuvu la Mkwawa. Na sisi wa Muyama, Kasulu na Kibondo? Tuna ziwa zima! Vita Kuu ya Kwanza ilifika Kigoma kwa meli, kwa treni, kwa ndege na kwa miguu ya watu waliobeba mizigo vichwani. Kutoka Kasulu mjini mpaka huko ni kama kilomita 90 tu, lami, na ukidamka unaweza kula chakula cha mchana ufukweni.

Kasoro ni moja. Hakuna geti la kuingilia, hakuna tiketi wala bango lenye mshale wa kukuambia simama hapa, tazama kule. Basi geti lako ni maandalizi yako. Usiogope, si kazi kubwa, na mengi ya haya utayamaliza ukiwa bado kwenye kochi.

1. Chagua hadithi moja, nyingine zisubiri zamu

Kigoma ina sokwe wa Gombe, ina Livingstone, ina njia ya watumwa na misafara ya pembe. Ukivitaka vyote kwa siku moja utarudi Muyama na picha mia tatu kwenye simu na hadithi hata moja huna. Ushauri wangu: shika meli. Ukiishika meli, mambo mengine yote ya vita yatakufuata yenyewe.

Ni hivi. Mwaka 1913 Wajerumani waliunda meli kwenye karakana ya Meyer huko Papenburg, wakaiita Graf von Götzen kwa heshima ya gavana wao wa zamani. Walipomaliza kuiunda, wakaifungua yote vipande vipande, wakavipakia kwenye makasha yapatayo 5,000, wakayapeleka kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi Kigoma. Huku fundi Anton Rüter na wenzake, pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao, wakaiunganisha upya. Februari 1915 ikaingia majini, chombo cha mita 71, kikubwa kuliko kingine chochote ziwani. Wakaifungia mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari Königsberg, ile iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji mwaka huohuo.

Mwaka mmoja na miezi mitano baadaye waliizamisha wenyewe. Ndiyo, wenyewe! Wabelgiji walikuwa wanakaribia, na Wajerumani hawakutaka kuwaachia. Ila Rüter alizipaka injini mafuta mazito ya kuzilinda, akiwa na matumaini kwamba siku moja watarudi kuiopoa. Hawakurudi. Waingereza ndio walioiopoa mwaka 1924, wakakuta injini bado zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena safari ikiwa na jina unalolijua vizuri: Liemba. Ile meli ambayo mjomba wako alipanda kwenda Kasanga na gunia la dagaa ni manowari ya Mjerumani. Hadithi gani nyingine unatafuta?

2. Lenga wiki ya mwisho ya Julai

Julai 25 Tanzania inaadhimisha Siku ya Mashujaa. Julai 26, mwaka 1916, Götzen ilizamishwa. Julai 28 Wabelgiji wakaingia Kigoma. Siku nne zinazokusubiri zikiwa zimejipanga kwenye kalenda, tena katikati ya kiangazi, wakati njia za vijijini hazina tope na wewe huna palizi. Zungushia tarehe hizo leo kwa kalamu nyekundu.

Ukishindwa Julai, kipindi chochote kati ya Juni na Septemba kinafaa. Masika nayo yana uzuri wake, lakini mzinga wa kufikirika hauonekani vizuri ukiwa umejikinga chini ya bati la duka la mtu.

3. Usiku wa kabla, tazama sinema

Itafute The African Queen, ya mwaka 1951, yenye Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Imetokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na meli ya Wajerumani iliyomo ndani inasemekana ilichochewa na hiyo Götzen yetu. Usitarajie kuiona Kigoma, maana picha za nje zilipigwa Uganda na Kongo. Na mwisho wa sinema si mwisho wa meli yenyewe, kama ulivyokwisha kuona kwenye kidokezo cha kwanza. Faida yake ni kwamba watu wa nyumbani waliokuwa wananuna ("tunaenda kuangalia nini huko?") asubuhi watakuwa wa kwanza kuvaa viatu.

4. Kitambulisho mfukoni, si kabatini

Hili unalijua, ila nalisema kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi. Tunakaa mkoa wa mpakani, na barabarani kuna vizuizi. Kadi ya NIDA au kitambulisho kingine kikae mfuko wa mbele. Kuanza kufukua begi huku gari zima linakusubiri ni aibu ndogo inayochosha sana.

Ukipanda basi au mchomoko, ondoka alfajiri. Kwanza kwa sababu utafika mapema. Pili kwa sababu baridi ya milimani itakudanganya ubebe koti zito, na ziwani, karibu mita 770 tu juu ya usawa wa bahari, saa sita mchana koti hilo litakuwa adui namba moja. Vaa kitenge au sweta jepesi, kitu utakachokikunja. Kama utalala Kigoma, uliza chumba chenye chandarua kabla hujauliza chenye televisheni.

5. Anzia stesheni

Wengi hukimbilia ufukweni. Wewe anzia stesheni ya treni, lile jengo la Kijerumani ambalo hata asiyejua lolote hugeuka kulitazama. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, vita vikaanza Agosti mwaka huohuo. Hebu fikiria: reli ingechelewa mwaka mmoja, yale makasha 5,000 yangefikaje? Kichwani mwa wapagazi, kutoka pwani, zaidi ya kilomita 1,200? Bila stesheni hii pasingekuwa na Götzen ya kuizamisha.

Simama mbele ya jengo, geuza mgongo, tazama mteremko wa kwenda ziwani. Umbali ni mfupi kiasi kwamba unaona kwa macho yako walichokifikiria: treni, kreni, maji. Dakika kumi zinatosha, na umeshaelewa nusu ya vita vyote.

6. Omba kwanza, piga picha baadaye

Bandari ni bandari, stesheni ni stesheni, na Kaiser House, ile nyumba ya zamani ya Kijerumani, ni mali ya serikali. (Utaambiwa ilijengwa kwa ajili ya Kaisari mwenyewe, na kwamba chini yake kuna handaki. Kaisari hakukanyaga Kigoma. Handaki waachie wanaolisimulia, wanalisimulia vizuri.) Mahali kama hapa huinui simu tu na kupiga. Mfuate mlinzi, msalimie, jieleze kwamba umetoka Muyama kutazama historia, kisha omba. Ukijibiwa hapana, sema asante ukapige picha mahali pengine. Shikamoo moja iliyotulia hufungua milango ambayo ubishi wa nusu saa haufungui.

Na kuhusu Liemba yenyewe: ni bibi wa zaidi ya miaka mia, na kama mabibi wengine wa umri huo, kuna vipindi virefu anakuwa kwa mafundi. Piga simu kwa mtu unayemjua Kigoma, au uliza ofisi za meli, ujue iko wapi kabla hujawaahidi watoto kuiona. Kama ipo na unaruhusiwa kuikaribia, tazama umbo lake la chini, mbavu za chuma na misumari yake. Sehemu za juu zimebadilishwa mara nyingi, lakini gamba ni lilelile lililokaa miaka chini ya maji.

7. Panda juu uone ghuba

Tafuta mahali palipoinuka panapoonyesha ghuba yote, na hapo ndipo utafute kivuli, ukae. Kutoka juu utaelewa kwa nini Wajerumani waliipenda Kigoma: maji ya kina yaliyokumbatiwa na vilima, ambako ukijificha si rahisi kuonwa na adui aliye majini.

Lakini aliye angani? Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini, wakazirusha kutoka upande wa Kongo kuja kudondosha mabomu hapahapa. Mfikirie mvuvi wa Kibirizi asubuhi ile, nyavu mkononi, anainua macho. Hajawahi kuona ndege hata moja maishani, na ya kwanza inakuja na bomu! Mimi naona hiki ndicho kipande cha hadithi kinachostahili bango kuliko vyote. Mpaka bango lije, kisimulie mwenyewe kwa sauti, hata kama pembeni yenu kuna wapenzi wanaokula karanga. Nao watasikiliza.

8. Watoto wape Mimi na Toutou

Watoto hawapendi tarehe, wanapenda vituko. Waambie hivi: Waingereza walitaka kuipokonya Ujerumani ziwa, lakini hawakuwa na meli. Wakachukua boti mbili za mbao, kila moja kama mita 12, wakazisafirisha kutoka Uingereza mpaka Cape Town, wakazipandisha treni hadi Katanga, halafu zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima, porini, na hatimaye zikafika ziwani. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, wakakubali! Tena alikuwa akivaa sketi aliyoshonewa na mkewe, na mwili wake umejaa michoro ya chale.

Utakapofika hapo utakuwa umewapata. Malizia: Desemba 26, 1915, upande wa Kongo karibu na Kalemie ya leo, boti hizo ndogo ziliikamata meli ya Kijerumani Kingani kwa muda mfupi kuliko kipindi kimoja cha mpira. Februari 9, 1916 Mimi, pamoja na hiyohiyo Kingani iliyotekwa, zikaizamisha Hedwig von Wissmann. Na Götzen? Waliiona ni kubwa mno, wakaiacha. Waulize watoto: nyie mngeishambulia? Halafu kaa kimya ule karanga zako, mjadala utakupeleka mpaka Kidahwe wakati wa kurudi.

9. Kabla ya kuondoka, nenda kwa mzee

Hapa nitakukawisha kidogo, nivumilie.

Ukisoma vitabu vya vita hivi utakutana na Spicer-Simson, na kamanda wa Kijerumani ziwani Gustav Zimmer, na jenerali wa Kibelgiji Charles Tombeur. Utakutana na majina ya boti. Jina la mpagazi huwezi kukutana nalo. Lakini majeshi yote, la Wajerumani, la Wabelgiji na la Waingereza, yalitembea kwa vichwa vya wapagazi: kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha ofisa. Na wapagazi hao waliuawa zaidi na magonjwa, njaa na uchovu kuliko risasi. Jeshi la Kibelgiji lililotua Kigoma lilipitia Burundi na nchi ya Buha. Hawakuruka juu ya vilima vyetu. Walipita, walikula, walihitaji watu wa kubeba.

Kwa hiyo nusu ya uwanja wa vita haiko Kigoma, iko kwenye mabaraza ya Muyama, Heru Juu, Manyovu. Aliyezaliwa mwaka 1916 sasa hayupo, lakini aliyelelewa na babu wa wakati huo bado yupo, na anasubiri mtu wa kumuuliza. Hila ndogo: usimuulize "Mzee, unakumbuka nini kuhusu Vita Kuu ya Kwanza?" Atakuangalia. Muulize nani katika ukoo aliwahi kuchukuliwa kubeba mizigo. Muulize ng'ombe walifichwa wapi askari walipopita. Muulize kuhusu enzi ya Mbelgiji, maana Wabelgiji walibaki wakitawala huku hadi Machi 1921, walipoukabidhi mkoa kwa Waingereza. Beba sukari au kilo ya nyama, weka simu irekodi kwa ruhusa yake, na usimkatize hata akipotea njia, kwa sababu huko anakopotelea ndiko kuna mambo.

Kisha ukisimama Kigoma, unasimama na jina la mtu. Dar es Salaam kuna Sanamu la Askari, lililowekwa mwaka 1927, mwaka uleule Liemba ilipoanza safari. Huku kwetu hakuna. Andika majina uliyoyapata kwenye daftari la familia, kwa mkono, na wino.

10. Ujiji kwa saa moja, na tumbo lisisahauliwe

Ukibakiwa na muda, daladala itakufikisha Ujiji kupitia Mwanga, si mbali. Pale walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 pana mnara na makumbusho madogo. Si habari ya vita vyetu, ila angalau pana geti! Uliza kiingilio kabla ya kuingia, na uulize kama kuna kiongozi wa kukueleza, kwa sababu bila maelezo utamaliza kwa dakika tano.

Chakula: mgebuka, ugali wa muhogo, na kama mawese yapo usikatae. Agiza kwanza, kisha ndiyo mkaongee na kupiga picha. Samaki mzuri hapikwi haraka, na mtu mwenye njaa hasikilizi habari za Mjerumani yeyote.

11. Ukinogewa, kuna treni ya Tabora

Wajerumani walipoiacha Kigoma walirudi nyuma wakifuata reli, Wabelgiji nyuma yao. Katikati ya Septemba 1916 walipigana Itaga, nje kidogo ya Tabora, na tarehe 19 mji ukatekwa. Kutoka Kigoma ni kama kilomita 400 kwa njia ileile ya reli, kwa hiyo unaweza kufuata njia waliyokimbilia ukiwa umekaa kwenye kiti, unanunua asali na ndizi dirishani. Treni haiondoki kila siku, basi kaulize ratiba ukiwa palepale stesheni kwenye kidokezo cha 5, na ukate tiketi mapema kama unataka behewa la kulala. Tabora pia wana tembe la Livingstone huko Kwihara, na boma la Wajerumani, ambalo nalo unaomba kwanza kabla ya kupiga picha.

Na safari ya kazi au harusi ikikufikisha Mombasa, ingia Fort Jesus. Humo kuna mzinga wa Königsberg, ndugu wa ule uliofungwa Götzen.  Piga picha uwatumie waliobaki Muyama, uwaulize kama wanautambua.